Rafu Zinasema Hivi, Jedwali Linasema Vile

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha biashara ndogo ya rangi za kuta. Mwaka jana niliacha daftari nikahamia kwenye lahajedwali la kompyuta. Nina karatasi moja yenye majina ya bidhaa na idadi iliyobaki, na nyingine yenye majina ya wateja na kiasi wanachodaiwa. Ninapouza, nafuta idadi ya zamani na kuandika mpya. Mteja anapolipa, nafanya vivyo hivyo kwenye deni lake. Hata hivyo, kila nikihesabu mali, rafu na jedwali havipatani. Juzi mteja ninayemheshimu amelikana deni lake, nami sikuwa na cha kumwonyesha isipokuwa namba moja tupu. Je, nirudi kwenye daftari?

JIBU: Ndugu msomaji, usirudi, ingawa daftari lilikuwa na jambo moja jema uliloliacha nyuma ulipohama. Humo uliandika tukio lenyewe: siku fulani, mtu fulani amechukua makopo kadhaa na hajalipa. Ulipokosea ulikata kwa mstari, na maandishi ya awali yakaendelea kusomeka. Sasa unaandika salio peke yake, na kila salio jipya linafuta ushahidi wa lile lililotangulia. Ndiyo maana mteja alipouliza deni limetoka wapi, hukuwa na jibu. Na hata kama wewe ndiye mwenye haki, hakuna njia ya kuithibitisha.

Dawa yake ni kuandika kila mwendo wa mali na wa deni katika mstari wake, kutoufuta kamwe, na kuliacha jedwali likokotoe salio lenyewe. Utaratibu huu ni wa kale. Katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, Luca Pacioli alieleza jinsi wafanyabiashara walivyopaswa kutunza hesabu: tukio liliandikwa kwanza katika kitabu cha kumbukumbu, likahamishiwa kwenye jarida, yaani kitabu cha matukio yaliyopangwa kwa tarehe, ndipo likafika kwenye leja, yaani kitabu chenye ukurasa wa kila hesabu na salio lake. Nayo VisiCalc, programu ya lahajedwali iliyotolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston kwa ajili ya kompyuta binafsi, ilipendwa kwa sababu mtu alipobadilisha namba moja, namba zote zilizoitegemea zilijihesabu upya. Unapotoa na kujumlisha kichwani kisha ukachapa jibu, unajitwisha kazi ya mashine, huku ukiiacha ile ambayo mashine haiwezi kukufanyia, yaani kuandika kilichotokea.

Fungua basi karatasi mpya uiite Miamala. Safu A iwe ya tarehe, B namba ya ankara, C msimbo wa bidhaa (alama fupi ya kuitambulisha), D idadi, E msimbo wa mteja, F kiasi cha deni, na G maelezo mafupi. Bidhaa zinazoingia ziandikwe kwa namba chanya na zinazotoka kwa namba hasi. Deni linaloongezeka liwe chanya na linalopungua liwe hasi. Hata mali uliyonayo leo iingie kama mstari wa kwanza wa kila bidhaa, baada ya kuihesabu kwa mkono. Kwenye karatasi ya bidhaa, ambako msimbo uko katika seli A2, salio litapatikana kwa fomula hii, inayojumlisha idadi zote zenye msimbo huo: =SUMIFS(Miamala!D:D,Miamala!C:C,A2). Kwenye karatasi ya wateja fomula ni ileile, ila D inakuwa F na C inakuwa E. Kompyuta ikiikataa, jaribu kuweka nukta-mkato mahali pa mkato, kwa kuwa hilo hutegemea lugha na eneo lililochaguliwa katika mipangilio.

Nimesema msimbo, sikusema jina, na naomba usilipuuze hili. Kwa fomula hiyo, “Rangi nyeupe lita 4” na “Rangi nyeupe L4” ni bidhaa mbili tofauti, na hata nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa neno bila kuonekana hutosha kuufanya mstari usihesabiwe. Tengeneza orodha ya kuchagulia katika safu C na E ili mwandikaji achague badala ya kuchapa. Angalia pia namba zinazoegemea upande wa kushoto wa seli wakati hukuzipanga hivyo: mara nyingi kompyuta imezipokea kama maandishi, na haitazijumlisha. Tarehe nazo zina hila yake, kwa kuwa 03/04 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni tarehe 4 Machi.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo lako, yaani pale mali na deni vinapokutana. Umevitenga katika karatasi mbili zisizojuana, ilhali kuuza kwa mkopo ni tukio moja lenye pande mbili. Tuseme tarehe 4 Machi mteja mwenye msimbo M07 amechukua makopo 12 kwa ankara namba 0117. Mstari mmoja unatosha: katika D unaandika −12, na katika F thamani ya makopo 12. Tarehe 18 analipia makopo 6. Mstari mpya una ankara ileile, D ni tupu kwa sababu hakuna kopo lililosogea, na F ina thamani ya makopo 6 ikiwa hasi. Tarehe 20 anarudisha makopo 2 ambayo hayajafunguliwa. Hapa ndipo wengi hupotelea: makopo yanarudi rafuni, mtu anakumbuka kuongeza idadi, lakini deni linabaki kama lilivyokuwa. Mstari wa tatu uandike +2 katika D, na katika F thamani ya makopo 2 ikiwa hasi. Ukijumlisha mistari yote ya ankara 0117, mteja amebaki na makopo 10 mkononi na deni la makopo 4, na kila hatua ina tarehe yake. Akilikana deni, utamsomea mistari mitatu kwa utulivu, naye atasema ni upi anaoupinga. Mazungumzo ya namna hiyo hulinda heshima ya wote wawili.

Kwa kuwa deni limefungwa kwenye ankara, unaweza pia kujua umri wake. Orodhesha ankara za mkopo katika karatasi yake, pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa na salio la kila moja, kisha toa tarehe hiyo kwenye =TODAY(), yaani tarehe ya leo; jibu likionyeshwa kama namba ya kawaida, ndiyo idadi ya siku zilizopita. Wahasibu huyagawa madeni katika makundi ya siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya hapo. Kwa maoni yangu mgawanyo huu una faida kuliko jumla kuu, kwani madeni mawili yenye kiasi sawa si sawa hata kidogo ikiwa moja ni la wiki iliyopita na jingine limevuka siku 90.

Madeni unayodaiwa na wanaokuletea mzigo yapewe safu yake. Usiyatoe kwenye yale unayodai, maana wateja kuchelewa kukulipa hakumfanyi mwenye mzigo akusubiri. Vilevile, mali iliyo rafuni ihesabiwe kwa gharama uliyoinunulia, na deni la mteja kwa bei uliyomuuzia. Ukizichanganya utaonekana na faida ambayo bado hujaipata.

Kuhesabu mali kwa mkono kutaendelea kuwa lazima. Ukikuta makopo 37 huku jedwali likisema 39, usiliguse salio. Ongeza mstari wa −2, na katika maelezo uandike “marekebisho ya hesabu” pamoja na sababu ikiwa unaijua, kama kopo kupasuka. Baada ya miezi michache chuja mistari hiyo peke yake, nawe utaona kama upungufu unaandama bidhaa ileile au siku zilezile.

SWALI: Ndugu Mhariri, tuko watatu tunaotumia faili moja. Msaidizi wetu alipanga majina ya wateja kwa alfabeti, lakini madeni yakabaki palepale, na sasa kila mtu anaonekana kudaiwa deni la mwenzake. Je, kuna namna ya kuokoa?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Hiyo hutokea mtu anapochagua safu moja tu na kuipanga, kisha akaikataa ilani ya programu inayomtaka ajumuishe safu za jirani. Kwanza, zuieni mtu yeyote asiandike zaidi katika faili hilo. Ikiwa limehifadhiwa mtandaoni, fungueni historia ya matoleo na mrudi kwenye toleo la kabla ya kosa. Kama sivyo, tafuteni nakala ya karibuni zaidi, halafu mjazie yaliyofuata kutoka kwenye nakala za ankara. Baada ya hapo fungieni seli zenye fomula, wekeni nakala ya kila siku mahali pengine, na faili lenyewe liwe na nywila, kwa sababu madeni ya watu ni siri yao.

Tena msitegemee kwamba jedwali litapiga kelele likikosea. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya UVIKO-19 vilichelewa kutangazwa kwa sababu takwimu zilipitishwa katika faili za muundo wa zamani wa Excel, ambao haubebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje. Muundo wa sasa unabeba mistari 1,048,576, kwa hiyo biashara yenu haitaijaza leo wala kesho, lakini faili likiwa bado na kiambishi cha .xls, lihifadhini upya katika muundo wa .xlsx kabla ya kuendelea.