Barua kwa mwanangu: yule mgombea wa tatu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama yule mfanyabiashara aliyejitokeza mwishoni aliwekwa na mbunge wetu agawe kura za mwalimu aliyempinga, kwenye mchujo wa NRM, chama tawala chetu hapa Uganda, wa Julai 17, 2025, ule wa kupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya umtakaye. Kweli, yeye na mwalimu ni wa ukoo mmoja, na mwalimu ameangushwa kwa kura chache. Hesabu yako naielewa. Ila siku zote nakuambia: nia ya mtu haionekani kwenye mstari. Kwenye mstari unaona mgongo tu.

Unakumbuka mchujo wa Septemba 4, 2020? Mpaka ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona, hapa Busia mteja kutoka Kenya haonekani, nami nilidaiwa kodi ya kibanda miezi minne. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa mbunge. Asubuhi ile mawakala walisimama uwanjani, kila mmoja na picha ya mgombea wake kifuani. Aliyeshika picha ya yule mama niliyemtaka mimi ni shangazi yako, aliyekubeba mgongoni. Aliponiona akasogea kidogo, akanionyesha mahali nyuma yake, kama anavyokukaribisha mkekani. Nikapita. Nikaenda kusimama kwenye mstari wa mbunge, watu watatu nyuma ya mwenye kibanda. Sote tulivaa barakoa, lakini nani asiyemjua jirani yake kwa leso? Msimamizi akaja akihesabu kwa kugusa mabega. Aliponifikia nilishtuka kama mwizi.

Aliyeniona siku ile angeapa kwamba nampenda mbunge.

Sasa huyo mfanyabiashara wako. Wapo wanaogombea wajulikane tu, ili Rais akigawa nafasi za RDC, yaani mwakilishi wake wilayani, jina lao lisiwe geni. Wapo wanaosukumwa na wazee wa ukoo. Mbona tumwone kibaraka moja kwa moja? Lakini basi, mabango yale yote ya manjano aliyalipia na nini, na duka lake limefungwa tangu Ramadhani? Hapo hata mimi nakwama. Tena kijiji kizima hakuna aliyemsikia akimtaja mbunge kwa ubaya, hata mara moja.

Ngoja Oktoba, Tume ya Uchaguzi itakapopokea majina. Waliokasirika kweli huenda huko kama wagombea huru, si mmoja wala wawili. Akikaa kimya, kisha tumwone jukwaani na mbunge, utakuwa umepata sehemu ya jibu. Sehemu tu, maana nia haionekani kwenye mstari. Nina ninachodhani, mwanangu, na ukinibana nitakitamka. Usinibane.

Shangazi yako hajaniuliza habari za siku ile mpaka leo. Idi iliyopita alituletea pilau kwenye sufuria yake kubwa. Niliisugua mpaka ikang'aa, nikaiacha mlangoni kwake kabla hajaamka.

Mama yako