Iverson wa 2001 au Nash wa Phoenix: yupi gadi wa kujengea timu?

Umeuliza, ndugu yangu: ukipewa gadi mmoja tu wa mpira wa kikapu (yule wa nje, mwenye mpira mkononi muda mwingi) katika miaka yake ya kilele, umchukue Allen Iverson au Steve Nash? Barazani hapa Unguja, kuanzia Jaws Corner hadi Ng'ambo, wengi watasema Iverson kabla kahawa haijapoa. Mimi namchukua Nash. Lakini kwanza Iverson apewe haki yake, maana wanaomshusha siku hizi kwa asilimia zake za mitupo iliyoingia hawaiangalii timu aliyokuwa nayo.

Wote wawili waliingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 1996, Iverson akachaguliwa wa kwanza na Nash wa 15. Kilele chao hakikukutana, na katikati yake kanuni zilikazwa: kuanzia msimu wa 2004/05 beki hakuachiwa tena kumsukumasukuma kwa mkono mtu mwenye mpira huko nje, mbali na ringi. Kwa hiyo usizilaze takwimu zao pamoja kama samaki mezani. Iverson mwenyewe, baada ya kanuni kukazwa, alifunga wastani wa pointi 33.0 msimu wa 2005/06, mkubwa kuliko wote maishani mwake.

Philadelphia ya 2001 ilishinda mechi 56. Iverson, mtu wa sentimita 183 hivi, alicheza dakika 42 kwa mechi, akafunga pointi 31.1, akapora mipira 2.5 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Alitupa mara 25.5 kwa mechi na ikaingia asilimia 42 tu. Ndogo, kweli, lakini nani mwengine angetupa? Kocha Larry Brown alimpa Eric Snow kazi ya kuleta mpira na kumkaba gadi mrefu wa wapinzani, ili Iverson abaki na yule mfupi na nguvu zake ziende kwenye kufunga. Februari akaja mrefu Dikembe Mutombo kutoka Atlanta. Hapo ndipo penye siri: Iverson akiingia ndani, mabeki wawili au watatu wanamkimbilia, na akikosa, Mutombo yuko chini ya ringi, hana mtu wa kumzuia kuudaka mpira. Mtupo uliokosa haukuwa lazima mpira uliopotea. Kwenye karatasi hilo halionekani.

Sasa angalia mechi mbili. Mechi ya kwanza ya fainali ya 2001, Los Angeles, dhidi ya Lakers: Iverson anafunga pointi 48, Philadelphia wanashinda 107 kwa 101 katika muda wa nyongeza. Ndiyo mechi pekee Lakers waliyopoteza katika mtoano mzima wa mwaka ule, ingawa nne zilizofuata walishinda wao. Mechi ya nne dhidi ya Dallas, mtoano wa 2005: Nash naye anafunga 48, na Phoenix wanafungwa 119 kwa 109. Dallas waliamua hivi: mabeki wasiwaache wenzake hata hatua moja, Nash mwenyewe afunge atakavyo. Aliishia na pasi 5 tu za kufungia. Wapinzani wa Iverson walihangaika asifunge; wapinzani wa Nash waliomba afunge. Kwangu mimi, mtu anayeachiwa pointi 48 ili asipige pasi ndiye anayeogopwa zaidi.

Kazi ya Nash ilikwenda hivi. Amar'e Stoudemire, mrefu wa Phoenix, anakuja kuweka skrini, yaani anasimama kumzibia njia beki wa Nash. Nash anapita bega kwa bega naye, kisha hakimbii: anapunguza mwendo, anamweka beki wake mgongoni na kumzuia kwa kiwiliwili. Sasa wao ni wawili dhidi ya beki mmoja mrefu. Mrefu akipanda, pasi ya kudunda inamfikia Stoudemire njiani. Akirudi nyuma, Nash anatupa palepale. Akija wa tatu kutoka kona, mpira unakwenda konani kwa pointi tatu. Na kama hakuna kilichofunguka, hashiki mpira. Anaendelea kuudundisha, anapita chini ya ringi na kutokea upande wa pili, na mabeki wakigeuza vichwa wameshawapoteza watu wao. Mara nyingi haya yote yalikwisha ndani ya sekunde saba za mwanzo. (Mechi za nyumbani za Phoenix zikianza saa moja usiku kwao, huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa tabu tamu.)

Phoenix walitoka ushindi 29 kwa msimu hadi 62 Nash alipofika. Utaambiwa ni Stoudemire. Haya, msimu uliofuata Stoudemire alicheza mechi 3 tu kwa sababu ya goti, Joe Johnson akaenda Atlanta, na bado walishinda 54. Boris Diaw, aliyekuwa na wastani wa pointi 4.8 Atlanta, alifunga 13.3 pembeni ya Nash. Nash mwenyewe msimu huo: pointi 18.8, pasi 10.5, mitupo asilimia 51.2, ya pointi tatu 43.9, mitupo huru 92.1.

Ulinzi wake ulikuwa dhaifu na fainali hakuifika. Alitolewa nusu fainali 2005, 2006 na 2010. Hilo nalihesabu. Lakini mwaka 2010, akiwa na miaka 36, bado aliongoza NBA kwa pasi. Iverson alitegemea kasi, na mwili mdogo unaogongwa kila usiku kasi yake haidumu.

Kwa ushawishi wa mtaani Iverson hana mpinzani: misuko, soksi ya mkono, suruali pana, mpaka NBA ikaweka kanuni za mavazi mwaka 2005. Na ile chenga yake, ambayo vijana wetu wanaiiga vibaya. Wanaudundisha mpira juu ya kiuno na kuukatisha mbele ya mkono wa beki. Yeye aliutoa kwanza mbali kulia, bega likaenda nao, akasubiri mguu wa beki uhame, ndipo akaukatisha chini ya goti. Kwenye saruji yenye mchanga mguu wa kujisukumia huteleza, kwa hiyo fupisha hatua. Mbinu ya Nash haihitaji kasi wala kimo: mkono wa kushoto unaofunga kama wa kulia, na kuachia mpira chini ya ringi ukiruka kwa mguu ambao beki haukutarajia.