Der, den, dem: nilivyofunga jedwali nikafuata ufunguo

Kitabu changu cha kwanza cha Kijerumani kilikuwa na jedwali ukurasa wa nyuma. Juu yake kuna jinsia tatu na wingi, ubavuni Nominativ, Akkusativ, Dativ na Genitiv, yaani uhusika, kazi ya nomino ndani ya sentensi, na katikati masanduku 16 yaliyojaa der, die, das, den, dem, des. Nililikariri siku nne mfululizo hadi nikaweza kulisema lote nimefumba macho. Siku ya tano mwalimu akaniuliza nimenunua nini. Nilijua kitu chenyewe, nilijua na neno lake, lakini kufika kwenye sanduku lake kichwani kulinichukua muda hadi akageukia mwanafunzi mwingine.

Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: jedwali lifunge kwa miezi miwili ya mwanzo. Litakufaa baadaye, ukishakuwa na sentensi za kulijazia. Masanduku ni 16 lakini maneno yaliyomo ni sita tu, na neno der peke yake limekaa kwenye masanduku manne. Ukianza na jedwali utaona maneno yanajirudia ovyo, kumbe kila moja lina kazi yake ndani ya sentensi.

Kazi hiyo sisi tunaijua tangu utotoni, ila tumezoea kuiweka kwingine. Tunasema "mbwa amemuuma mtu." Kitenzi kimebeba kila kitu: a- ni ya anayeuma, -m- ni ya anayeumwa. Mjerumani kitenzi chake hakibebi mzigo huo. "Beißt" inakwambia tu kwamba anayeuma ni mmoja. Nani ameuma na nani ameumwa utavijua kwa kile kineno kidogo kinachotangulia nomino, yaani artikeli: "Der Hund beißt den Mann." Sasa pindua: "Den Mann beißt der Hund." Bado aliyeuma ni mbwa, maana der imebaki naye. Sisi tukipindua hivyo tunaweza kumpotosha msikilizaji, kwa sababu mbwa na mtu wote ni wa ngeli ya A-WA. Nilipoelewa hili niliacha kuiona artikeli kama pambo. Ile a- na ile -m- ya kwetu zimehama kutoka kwenye kitenzi, zikaenda kusimama mlangoni pa nomino.

Na usidhani hujaanza. Ulipojifunza "Guten Morgen" siku ya kwanza, ulitamka Akkusativ, uhusika wa kinachotendwa. Ni kifupi cha kumtakia mtu asubuhi njema, na kwa kuwa Morgen ni ya kiume na ndiyo inayotakiwa, gut iliyo mbele yake ikapata -en, ikawa guten. Katika "Gute Nacht" gut haikupata -en kwa sababu Nacht ni ya kike. Ulipouliza "Wie geht es dir?" (hujambo?) ulitumia Dativ, uhusika wa anayefikiwa.

Akkusativ ndiyo nyepesi, wala haistahili hofu inayopewa. Katika artikeli kinachobadilika ni nomino za kiume za umoja tu: der inakuwa den, ein inakuwa einen, mein inakuwa meinen. Za kike, zisizo na jinsia na za wingi zinabaki zilivyo. "Ich habe einen Bruder und eine Schwester," nina kaka na dada. Kwa hiyo wiki za mwanzo swali lako ni moja: je, nomino hii ni ya kiume? Hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa kuwa tuliandika Tisch (meza) kwenye daftari bila der yake. Sisi hatukufundishwa kwamba kitabu ni cha KI-VI kwa kukariri orodha. Tulisikia kitabu kizuri, kitabu changu, kitabu kimepotea, mpaka sikio likakataa "kitabu mzuri." Nomino ya Kijerumani itakaa hivyo hivyo: usiiandike wala kuitamka bila artikeli yake. Zipo ishara za kukusaidia. Maneno yanayoishia -ung, -heit, -keit na -schaft kwa kawaida ni die, na yenye kiambishi cha kudogosha -chen ni das, ndiyo maana msichana ni das Mädchen. Angalia pia kitenzi sein (kuwa): "Das ist der Mann," kamwe si den, kwa sababu hakuna anayetendwa hapo.

Dativ ndiyo iliyonisumbua. Nakumbuka nilikutana na sentensi "Ich helfe der Frau" (namsaidia mwanamke) nikachukua penseli, nikakata der na kuandika die. Nilijua Frau ni ya kike, nikaamini wachapaji wamekosea. Haikuwa kosa. Ile der si ya kiume, ni Dativ ya kike. Tangu siku hiyo nikiona der sikimbilii kusema "huyu ni mwanamume". Kwanza natazama kitenzi kinataka nini.

Kama ulisoma shamirisho kipozi na kitondo, au yambwa tendwa na yambwa tendewa, una nusu ya Dativ tayari. "Nampa mtoto kitabu." Kitabu ndicho kinachotolewa, mtoto ndiye anayefikiwa. "Ich gebe dem Kind das Buch." Anayefikiwa anachukua Dativ, na m ya dem unaweza kuishika kwa m ya nampa. Utaisikia tena kwenye ihm, wem, einem na meinem. Kwa nomino za kike utasikia der, na kwa wingi den, huku nomino nyingi zikiongezewa -n: "mit den Kindern," pamoja na watoto.

Lakini usiiamini -m- ya Kiswahili kila mahali. Sisi tunasema namuuliza mwalimu, namjibu mwalimu, -m- ile ile. Mjerumani anasema "Ich frage den Lehrer," Akkusativ, kisha "Ich antworte dem Lehrer," Dativ. Hakuna mantiki itakayokuokoa hapo. Ni tabia ya kitenzi chenyewe, nawe jifunze kila kitenzi pamoja na mtu wake. Helfen (kusaidia), danken (kushukuru), antworten (kujibu), folgen (kufuata), gehören (kuwa mali ya mtu) na gefallen (kupendeza) vyote vinataka Dativ. Hicho cha mwisho wanafunzi wengi wanakiogopa, ila sisi tunacho nyumbani: "Das Buch gefällt mir" ni "kitabu kinanipendeza," neno kwa neno. Kitabu ndicho kiima, mimi ndiye ninayepokea.

Sasa neno "wapi." Hili, kwa maoni yangu, ndilo linalomwangusha Mswahili kuliko lingine lolote, na vitabu havilitaji kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Uko wapi, unakwenda wapi, unatoka wapi: sisi swali ni moja na kitenzi kinamaliza kazi. Mjerumani ana wo, wohin na woher, na asiyetenganisha wo na wohin hatapata uhusika sahihi kwa vile vihusishi 9 vinavyokubali pande zote mbili: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Kiambishi chetu -ni hakitofautishi. Naweka mezani, kipo mezani. Kwao ni "auf den Tisch" kwa kuweka na "auf dem Tisch" kwa kuwepo.

Utaambiwa kwamba palipo na mwendo pana Akkusativ. Usiishike hivyo. "Ich laufe im Park" ina mwendo wa kutoa jasho, lakini ni Dativ (im ni in dem), kwa sababu nakimbia humo humo bustanini. "Ich laufe in den Park" ni nakimbilia bustanini, nimetoka nje nikaingia. Tofauti ya nakimbia na nakimbilia unaisikia bila kufikiri, basi itumie. Kumbuka pia kwamba kanuni hii ni ya wale 9 tu. Zu hudai Dativ hata kama unakwenda mbio: "Ich gehe zum Arzt," nakwenda kwa daktari, na zum ni zu dem. Wenzake ni aus, bei, mit, nach, seit na von. Upande wa Akkusativ wapo durch, für, gegen, ohne na um. Hawa ndio niliowakariri kwa mahadhi, kama watoto wanavyoimba siku za wiki, na hapo kukariri kulinifaa.

Genitiv, uhusika wa umiliki, iache kwanza. "Das Auto meines Bruders" (gari la kaka yangu) utaielewa ukiiona, na katika mazungumzo utasikia watu wengi wakisema "das Auto von meinem Bruder."

Kilichonifungua ulimi hatimaye ni ufunguo, ufunguo wa kweli. Niliuweka chini ya kiti nikaanza kuufuata chumbani kwa sauti. "Wo ist der Schlüssel? Ich suche den Schlüssel. Er liegt unter dem Stuhl. Ich lege ihn auf den Tisch. Jetzt liegt er auf dem Tisch. Ich stecke ihn in die Tasche. Jetzt ist er in der Tasche. Ich gebe meinem Bruder den Schlüssel. Er dankt mir." Yaani nautafuta, uko chini ya kiti, nauweka mezani, nautia mfukoni, nampa kaka yangu, naye ananishukuru. Kila sentensi niliitenda kwa mkono kabla ya kuisema, na nikikosea niliurudisha ufunguo nilikoutoa, nikaanza tena hapo. Siku ya kwanza sentensi hizo tisa zilinichukua karibu nusu saa. Baada ya wiki moja zilikuwa zinatoka zenyewe, na den na dem zikawa hazisikiki kama kitu kimoja sikioni mwangu.

Ukishauzoea ufunguo, chukua kikombe, die Tasse, uzunguke nacho vivyo hivyo. "Ich suche die Tasse," hakijabadilika kitu. "Ich stelle sie auf den Tisch," kilichobadilika ni meza. "Ich trinke aus der Tasse," na hapo kikombe chenyewe kimebadilika, ukiwa umekishika mkononi.