Dalia: maji huua kiazi mapema kuliko baridi

Dalia, ua linaloota kutoka kwenye kiazi, inapokufa bustanini, lawama huiangukia baridi. Kweli, usiku mmoja wa jalidi, yaani umande ulioganda, hutosha kuyafanya majani meusi, lakini kiazi kilicho ardhini mara nyingi huwa bado kizima. Kinachokiua zaidi ni maji yaliyotuama.

Kabla ya kupanda, kagua shingo, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Macho ya kuchipulia yapo hapo tu, vinundu vidogo kama kichwa cha kiberiti. Kiazi mviringo huchipua ubavuni. Cha dalia, hata kiwe kinene vipi, bila kipande cha shingo chenye jicho hakichipui kamwe.

Chagua mahali penye jua kwa saa 6 au zaidi, pasipotuama maji. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, inua tuta na uchanganye mboji iliyooza vizuri. Chimba sentimita 15, ukiacha sentimita 60 kati ya mashimo. Kigingi cha kuegemeza mmea chomeka sasa hivi. Ukingoja mmea urefuke utatoboa viazi usivyoviona. Laza kiazi jicho likitazama juu, fukia, kisha usimwagilie. Hapa ndipo wengi hushindwa kujizuia. Udongo wenye unyevu wa kawaida unatosha mpaka chipukizi litokeze, maana kiazi kisicho na mizizi hakinywi maji, kinaozea ndani yake.

Konokono na koa hupenda sana machipukizi hayo. Waokote usiku kwa tochi.

Shina likifika sentimita 30, likiwa na jozi 3 au 4 za majani, vunja ncha. Inauma kuikata, lakini matawi yatatoka kwapani mwa majani, na kila tawi na maua yake. Mbolea yenye nitrojeni nyingi huleta majani matupu. Tafuta yenye potasiamu zaidi. Maua yaliyokwisha kata mara kwa mara, ila usikate matumba: tumba ni duara na gumu kama kifungo, ua lililokwisha limechongoka na ukilibinya ni laini.

Penye jalidi, majani yakishakuwa meusi kata shina libaki sentimita 15, ng'oa viazi taratibu, uvianike siku chache shina likielekea chini. Shina la dalia lina uwazi kama bomba, na maji yakibaki humo huozesha shingo. Hifadhi kwenye mchanga mkavu au vumbi la mbao, nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi. Kagua kila mwezi: kilichosinyaa kinyunyizie maji kidogo, chenye doa laini kikate mpaka ufikie nyama safi.