Kaunta ya masafa: kagua kristali kabla ya kuhesabu tarakimu

Mkuu, umeuliza kama uchukue kaunta ya masafa (kifaa cha kupima wimbi la redio linatetemeka mara ngapi kwa sekunde) ndogo ya bei poa yenye tarakimu 8, au kaunta ya HP 53131A iliyotumika, kwa kazi ya redio za upepo za VHF. Nimefanya kazi na zote mbili, na inaniuma kuona fundi anahesabu tarakimu kwenye kioo na kusahau kristali iliyo ndani.

Kaunta inalinganisha wimbi lako na saa yake yenyewe, na saa hiyo inaendeshwa na kristali. Saa ikipotoka, tarakimu zote zinapotoka nayo. Redio ya 150 MHz inayoruhusiwa kupotoka 2.5 kwa milioni ina nafasi ya Hz 375 tu. Kaunta yangu ya kwanza ilikuwa na kristali ya kawaida. Asubuhi narekebisha redio inasoma vizuri. Saa nane mchana, bati la kibanda limeshapata moto, redio ileile inasoma Hz 600 pembeni. Siku mbili nilizungusha trima (skrubu ya kurekebisha masafa ya redio) nikidhani redio ni mbovu, mpaka nilipochomeka kwenye kaunta 10 MHz sahihi kutoka kwenye kifaa cha GPS, nikaona kumbe kaunta ndiyo inapotoka.

Kwa hiyo chukua HP, ila muulize muuzaji kama ina kristali ya oveni, yaani iliyo ndani ya kijumba kinachotunza joto lisibadilike, maana kwenye modeli hiyo oveni ni nyongeza. Kama haina, nunua kifaa cha GPS chenye 10 MHz, ukiunge nyuma ya kaunta kiwe saa yake. Mimi ningefanya hivyo.

Sababu nyingine ni toni za CTCSS, zile sauti za chini ambazo redio hutuma pamoja na maongezi ili kufungua redio ya kundi lake tu. Kaunta ya bei poa huhesabu mawimbi kwa sekunde moja, basi. Toni ya 88.5 Hz itakusomea mara 88, mara 89. HP inapima muda wa mawimbi yenyewe, desimali unaziona.

Usichomeke redio kwenye kaunta moja kwa moja! Wati 5 kwenye omu 50 ni karibu volti 16, na ingizo linaungua. Weka kipunguza nguvu cha dB 30 kinachohimili wati hizo.

Siku ya kununua, toa waya kutoka 10 MHz ya nyuma, uingize chaneli 1, kisha 2. Ikisoma 10 MHz kamili, ingizo ni zima. Usahihi bado hujauona, kwa sababu hapo inajipima yenyewe.