Paka mpya na mtoto mwenye usonji: usimrudishe bado

Dada yangu, umeuliza iwapo umrudishe paka mdogo mliyemchukua juzi, kwa kuwa mwanao mwenye usonji huziba masikio kila paka anapolia, kisha humkumbatia kwa nguvu hadi amekwaruzwa. Naona ni mapema mno. Mwanao hana ukatili; baadhi ya watoto wenye usonji hutafuta mgandamizo mwilini ili watulie, na yamkini kumbana paka ndiyo faraja yake, hivyo mpe mto mnene wa kukumbatia, kisha mwoneshe kwa picha, hatua kwa hatua, namna ya kuketi sakafuni na kumpapasa paka mgongoni kwa kiganja kilicho wazi. Paka naye awe na mahali ambapo mtoto hafiki, na alishwe saa zile zile kila siku, maana ratiba isiyobadilika huwatuliza wote wawili. Akianza kupigapiga mkia na kulaza masikio nyuma, watenganishe mara moja. Jambo lisilotaka mzaha ni kichaa cha mbwa: paka achanjwe afikishapo wiki 12, na jeraha lolote la meno au kucha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.