Wairishi na Walatino wa Marekani: mazingira hayakuwa sawa

Mkuu, umeuliza kwa nini Wairishi wa Marekani walipanda haraka huku Wameksiko wengi bado wanasota. Kwanza, haraka ipi? Walioikimbia njaa ya viazi kuoza mashambani huko Ireland, 1845 hadi 1852, walifika hohehahe, wakachimba mifereji na kufua nguo za matajiri. Kennedy, rais mwenye asili ya Irishi, kaingia Ikulu ya Marekani 1961, zaidi ya miaka mia baadaye!

Ila hawakudaiwa viza, na sheria ya uraia ya 1790, iliyobagua rangi, iliwakubali. Uraia ukaleta kura, kura ikaleta ajira: New York, ukiwa mtu wa Tammany Hall, mtandao wa wanasiasa wa chama cha Democratic uliogawa ajira kwa wafuasi wake, kazi ya polisi au zimamoto ulipata. Kibarua Mmeksiko asiye na makaratasi atampigia nani kura?

Halafu "Walatino", yaani wote wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ni kapu kubwa mno. Mkuba aliyepokelewa Miami kama mkimbizi miaka ya 1960 unamwekaje pamoja na mchuma nyanya wa Immokalee, eneo la mashamba huko Florida?